Nundu ya mguu haiyeyushwi na pomadi

Leo tuongelee miguu. Kuna watu wanaopita na vikopo vya pomadi wakiwaambia mama zetu kwamba itayeyusha ile nundu iliyo kando ya kidole gumba cha mguu. Wengine wanachanja kwa wembe. Huo ni uongo, na pesa wanayokula ni ya unga wa watoto.

Nundu hiyo, ambayo kwa Kifaransa watu huiita kitunguu, si damu mbaya wala si uchawi wa jirani. Ni kiungo kilichohama. Kidole gumba kinainama kuelekea vidole vingine, mfupa ulio nyuma yake unasogea upande wa pili, na kichwa chake kinatokeza. Mara nyingi mtu hurithi mguu wa namna hiyo kwa wazazi, kisha viatu vya kubana vinaongeza shida. Wanawake ndio wanaopatwa zaidi. Sasa pomadi itapita vipi kwenye ngozi ikanyooshe mfupa? Hata vile vifaa vya kufunga kidole usiku vinatuliza tu. Ukivitoa, kidole kinarudi palepale.

Kinachosaidia ni kiatu kipana mbele, laini juu, bila kisigino kirefu. Simama juu ya katoni, mtu achore mguu wako, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza pembeni, kiatu hicho kinakuumiza. Huna kingine? Kikate upande mahali nundu inapogusa. Kiatu kilichokatwa si aibu.

Na hapa nina neno kwa mashirika. Mnaandika katika ripoti kwamba viatu vimegawiwa. Nani alipima miguu? Mama aliyetoka kambi ya Bulengo Februari 2025, akarudi Sake na kupita, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, ukimpa kiatu chembamba umemwongezea maumivu. Katoni na kalamu havihitaji bajeti!

Operesheni ipo. Daktari wa mifupa anakata mfupa, anaurudisha kwenye mstari, anaushika kwa skrubu au waya. Inafanywa kwa sababu ya maumivu yanayozuia kutembea, siyo kwa uzuri wa mguu. Lakini inataka wiki 6 hivi au zaidi bila kazi nzito, uvimbe hukaa miezi, na nundu inaweza kurudi. Kabla ya kukubali, mama, uliza nyumbani nani atachota maji.

Kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na moto, au pakiwa na kidonda kisichopona, hasa kwa mgonjwa wa kisukari, usingoje siku ya soko. Nenda kituo cha afya leo hii.