Kibaya Chajitembeza: Tuchague Vipi Programu ya Kugawana Faili?

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naam, hawakuwa na kompyuta, lakini nadhani walituona sisi vijana wa Eastlands tukitafuta programu ya kupakulia nyimbo na filamu. Andika neno moja tu kwenye intaneti na vitufe vitatu vya kijani vitakurukia, kila kimoja kikiapa kwamba ndicho chenyewe. Kile kikubwa kinachometameta ndicho mara nyingi kitakachokuletea balaa.

Wanafunzi wenzangu, siku hizi kompyuta si ajabu Umoja, Kayole, Buruburu wala Dandora. Lakini nyumba nyingi zina moja tu, na hiyo moja ni ya kila mtu. Baba anaandikia barua za kazi, mama ameweka hesabu za chama, dada ana nakala za vyeti vyake, nawe una maswali ya kudurusia KCSE. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza si "Programu gani inapakua mbio?" Swali la kwanza ni "Programu hii itatoa nini nyumbani kwetu?"

Hebu nieleze. Programu za kugawana hazichoti faili kutoka kwa kompyuta moja kubwa iliyo mbali. Faili hukatwa vipande vipande, na kila anayepokea vipande huwagawia wenzake vile alivyokwisha kupata. Ni harambee kamili! Mfumo unaojulikana zaidi ni BitTorrent, uliobuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Basi ukipokea, unatoa. Ukipakua faili ya GB 2 kisha ukagawa kiasi kicho hicho, umetumia GB 4. Tena programu ikiachwa wazi huendelea kugawa hata baada ya faili yako kukamilika. Kwa mtu anayenunua data kidogo kidogo, hapo ndipo pesa huyeyuka kama barafu juani, halafu yeye huanza kulia ati ameibiwa na kampuni ya simu.

Kutoa data ni jambo dogo. Kubwa ni kutoa siri. Mwaka 2003 watafiti wawili, Nathaniel Good na Aaron Krekelberg, walichapisha uchunguzi wao kuhusu Kazaa, programu iliyovuma sana miaka hiyo. Waliwapa watu 12 kompyuta ambayo tayari ilikuwa inagawa kila kitu kilichomo, wakawauliza ni faili gani zinazogawiwa. Ni wawili tu waliojibu sawasawa! Watafiti hao waligundua pia kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakigawa barua zao zote za kompyuta bila habari. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Hebu fikiria hesabu za chama cha mama na vyeti vya dada vikisomwa na mtu asiyejulikana ng'ambo.

Wengine watasema hayo ni ya kale. Kazaa imekufa, na LimeWire nayo ilizuiwa na mahakama ya Marekani mwaka 2010. Sawa, lakini tabia haikufa. Mwaka 2015 watumiaji wa µTorrent walilalamika kwamba walipoiweka, iliingia pamoja na programu nyingine iitwayo Epic Scale, ambayo iliifanyisha kompyuta yao kazi ya kutafuta sarafu za kidijitali. Mwenye kompyuta analipa stima, mwingine anavuna. Rahisi ni ghali.

Basi tuchague vipi? Mimi napendekeza mambo matatu. Kwanza, maandishi ya ndani ya programu yawe wazi ili mtaalamu yeyote aweze kuyakagua. Pili, isiwe na matangazo, wala isikusukumie vitu ambavyo hukuagiza. Tatu, ikuruhusu kuchagua folda ya kugawa na kuweka kipimo cha kiasi inachotoa. Kwa maoni yangu, qBittorrent, ambayo ilianza mwaka 2006, inapita mtihani huo. Transmission pia inafaa. Zote mbili ni za bure. Lakini zichukue kwa wenyewe waliozitengeneza, si kwa kile kitufe kinachometameta. Ukishaiweka, itengee folda yake pekee, punguza kasi ya kutoa, na uifunge kabisa umalizapo kazi.

Najua kuna msee atakayesema, "Wacha maneno mingi! Si kila mtu ana pesa za kununua filamu." Simlaumu, maana maisha ya mtaani tunayajua sote. Lakini akumbuke kwamba katika mfumo huu hachukui tu, bali anasambaza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani ataisambaza. Tena kila mnayegawana naye anaweza kuiona anwani ya intaneti ya nyumba yenu, kwa hiyo usijidanganye kwamba umejificha. Na mwenye kazi si tajiri wa Hollywood peke yake. Kalamashaka walitoka hapa hapa Dandora, na wimbo wao "Tafsiri Hii" wa mwaka 1997 ulitangaza jina la mtaa mbali. Kusambaza jasho la msanii wa kwetu bila idhini yake ni kuchota unga katika sufuria ya jirani huku ukimsifu kwa upishi.

Kugawana chenyewe si kosa, na wanaotaka programu hizi zipigwe marufuku wanakosea. Kuna mali ambayo wenyewe wanaomba igawiwe. Mfumo wa Ubuntu unapatikana kwa njia hii. LibreOffice pia inapatikana, nayo hutosha kabisa kuandikia insha. Kiwix hutoa Wikipedia nzima, hata ya Kiswahili, ambayo ukishaipakua unaisoma bila intaneti. Fikirieni mwanafunzi mmoja wa Kayole aipakue mara moja, kisha awagawie darasa zima kwa flashi. Hapo harambee imekuwa harambee ya kweli.

Kwa hivyo nawaomba, kabla hamjaweka programu yoyote, iteni wenye nyumba. Waonyesheni folda itakayogawiwa na mwaeleze itakula data kiasi gani. Mkishindwa kuwaeleza, basi hiyo programu hamuijui bado, na isiingie.