Tabianchi Si Somo la Maadili

Mwombe kijana aliyehitimu kidato cha nne akueleze kwa nini dunia inaongezeka joto. Atajibu upesi, kwa kuwa jibu amekwisha kulikariri: watu wamekata miti, wamechoma misitu, viwanda vimetoa moshi, tabaka la ozoni limetoboka na sasa jua linapenya na kutuunguza. Muulize tufanye nini, atasema tupande miti na tuache mkaa. Jibu hilo nimelisikia, kwa maneno karibu yale yale, kutoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa zaidi ya miaka 10 ya kufundisha hapa Dodoma. Ni jibu linalompatia mtahiniwa alama. Sehemu yake moja si kweli, nyingine ni kweli iliyowekwa mahali pasipo pake, na jambo lililo kubwa kuliko yote halimo.

Nianze na ozoni, maana ndipo uongo ulipojificha vizuri. Tabaka hilo lililo juu sana angani huchuja miali ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho. Liliharibiwa hasa na kemikali zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, na mataifa yalikubaliana kuziondoa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Itifaki ilitekelezwa, na tabaka linaendelea kupona polepole. Joto la dunia, hata hivyo, linazidi kupanda. Mwanafunzi aliyefundishwa kufikiri kisayansi angeuona mgongano huo mwenyewe: ikiwa tundu ndilo chanzo, na tundu linazibika, mbona joto haligeuki kushuka? Hakuna anayeuliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba maarifa haya yanaulizika.

Chanzo chenyewe si kigumu kukieleza, na Dodoma ina mfano wake ambao kila mtoto ameuhisi mwilini. Usiku wa Julai hapa ni wa baridi kali ingawa mchana jua lilikuwa kali. Usiku wa Februari wenye mawingu hubaki na uvuguvugu hadi alfajiri. Ardhi iliyopashwa na jua mchana huirudisha nishati hiyo angani usiku kwa njia ya joto. Julai hewa ni kavu na anga ni jeupe, kwa hiyo joto hutoroka. Februari mvuke na mawingu hulizuia sehemu yake na kulirudisha chini. Hewaukaa hufanya kazi ya namna hiyo, tofauti ikiwa kwamba yenyewe hainyeshi ikaisha kama mvuke. Sehemu yake hukaa angani kwa karne nyingi. Kabla ya mapinduzi ya viwanda ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Ongezeko hilo limetokana zaidi na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Wala si ugunduzi wa jana. Mmarekani Eunice Foote alionyesha mwaka 1856 kwamba hewaukaa iliyofungiwa katika chupa na kuwekwa juani hupata joto kuliko hewa ya kawaida. Mswidi Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 kiasi ambacho dunia ingepata joto kama hewaukaa ingeongezeka maradufu, wakati nchi hii ikiwa koloni changa la Wajerumani. Hii ni fizikia na kemia ya kiwango ambacho mtoto wa sekondari anaimudu. Lakini katika shule zetu mada hii imezoea kukaa katika Jiografia na Uraia, mahali pa kutaja sababu, athari na mapendekezo, ilhali mwalimu wa Fizikia anafundisha mnururisho wa joto kwa mfano wa chupa ya chai na kupita.

Huenda msomaji ataona kwamba nalalamikia usahihi wa kitaaluma tu. La. Liko suala la nani anabebeshwa lawama. Mtoto wa Bahi au Chamwino ambaye mama yake hupeleka magunia ya mkaa barabarani ili alipie sare za shule, anaambiwa darasani kwamba waharibifu wa tabianchi ni wakata miti. Anaitazama familia yake kwa jicho jipya. Ukweli ni kwamba Tanzania nzima huchangia chini ya asilimia moja ya gesijoto za dunia. Mkaa una madhara yake makubwa: unaacha ardhi uchi, na moshi wa jikoni unaua, ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unastahili kuungwa mkono. Ila kuunga mkono nishati safi ni jambo moja, na kumwambia mtoto kwamba jiko la mama yake ndilo lililoyeyusha barafu ya Kilimanjaro ni jambo jingine.

Matokeo yake yanafika mbali kuliko darasani. Kijana huyo akiwa ofisa wa halmashauri ataandika andiko la mradi wa tabianchi, na ndani yake zitakuwamo bajeti ya miche na posho za siku ya upandaji. Katika mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zinazoumizwa na joto ambalo hazikulisababisha. Raia aliyeaminishwa kwamba ukame ni adhabu ya shoka lake ataudaije haki katika meza ya namna hiyo?

Kosa la pili ni kuchanganya uharibifu wa ardhi na mabadiliko ya tabianchi. Makorongo ya Kondoa yanajulikana nchi nzima. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoathirika la milima ya Kondoa Irangi. Uoto ulirudi, na watu walilipa gharama kubwa kwa kuhamisha ng'ombe wao. Hadithi hiyo inafaa sana kufundishia mmomonyoko, malisho na siasa ya nani anaamua juu ya ardhi ya nani. Haithibitishi chochote kuhusu hewaukaa. Nimeiona ikitumiwa kama mfano wa mabadiliko ya tabianchi, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba kila ardhi mbaya ni tabianchi na kila tabianchi ni ardhi mbaya.

Tena mfano bora tunao, umbali mfupi kutoka katikati ya jiji, na sijakutana na mwanafunzi hata mmoja aliyeusikia sekondari. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma kwa miongo mingi yametoka katika visima vya bonde la Makutupora. Kina cha maji chini ya ardhi pale kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ambayo ni nadra kupatikana katika nchi kavu za Afrika. Mwaka 2013 watafiti, wakiwamo wataalamu wa maji wa Tanzania, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo katika jarida la Nature Climate Change. Waligundua kwamba akiba ya maji ya Makutupora haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa kwa mafungu, katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi. Misimu 7 tu ilileta takriban asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini katika miaka hiyo 55. Msimu wa El Niño wa 1997/98, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa madaraja yaliyosombwa, ulikuwa kati ya iliyoijaza akiba hiyo kuliko yote.

Tafakari darasa linalopewa namba hizo. Mvua ile ile iliyoleta maafa ndiyo iliyojaza visima. Je, dunia yenye joto zaidi, ambamo hewa hubeba mvuke mwingi zaidi na mvua kubwa huwa kubwa zaidi, itaongeza maji yetu ya ardhini au itayapunguza? Tukivuta maji mengi zaidi kwa ajili ya jiji linalokua, tutafikaje salama kwenye msimu mwingine wa neema? Hapo hakuna jibu la kukariri. Kuhusu joto wanasayansi wameafikiana. Kuhusu kiasi cha mvua cha nyanda za kati miaka 50 ijayo, mifano yao ya kompyuta bado inatofautiana. Mwanafunzi ana haki ya kuyajua yote mawili, na kujua kwa nini la kwanza lina uhakika ambao la pili halina.

Wapo watakaosema kwamba kuonyesha mashaka kutawachanganya watoto. Tunayo Kongwa ya kuwajibu. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza walizunguka Tanganyika kwa majuma machache, sehemu ya safari wakiwa ndani ya ndege, kisha wakapendekeza mashamba makubwa ya karanga. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Wagogo wa pale walikuwa wakilima uwele na mtama, mazao ya watu wanaoujua ukame, na kumbukumbu za mvua za miaka mingi hazikuwapo za kutosha kuhalalisha karanga. Mvua ikapungua, udongo wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, na mwaka 1951 mpango ulizikwa ukiwa umeteketeza pauni milioni 36 hivi. Uhakika usiopimwa ndio uliowachanganya.

Najua hali ya walimu. Darasa la wanafunzi 80, maabara bila vifaa, na lugha inayobadilika mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza, hata gesijoto aliyoielewa kwa Kiswahili inampotea kwa Kiingereza. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza umahiri kuliko kukariri, na hilo ni jema kwenye karatasi. Lakini mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Mtihani ukiendelea kusema "taja sababu tano", tutapata sababu tano. Ukiweka jedwali la mvua ya Dodoma ya miaka 30 na kuuliza mwanafunzi anaona nini na hawezi kusema nini, mwalimu atalazimika kutafuta jedwali. Mamlaka ya Hali ya Hewa inazo takwimu hizo. Kuzipeleka shuleni kwa ukurasa mmoja kwa kila wilaya si mradi wa mabilioni.

Na wapo wanaosema mvua ni ya Mungu. Sawa, na kuipima hakumwondolei chochote Mungu.

Pendekezo langu lingine ni dogo kiasi cha kuchekesha: kila shule ya mkoa huu iwe na kipimamvua na daftari moja lisilobadilishwa mpaka lijae. Chupa ya plastiki iliyokatwa vizuri na rula inatosha kuanzia. Baada ya miaka 5 shule itakuwa na kumbukumbu yake. Baada ya 20 itakuwa na kitu ambacho wale waliokuja Kongwa hawakuwa nacho. Kikwazo kimoja kimenifikirisha. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Desemba shule zimefungwa, kwa hiyo mwanzo wa msimu, ambao ndio mkulima anaougojea kuliko yote, hautaandikwa na mtu. Walimu wamekwenda kwao na wanafunzi wako mashambani. Anayebaki ni mlinzi. Aongezewe posho kidogo na afundishwe kusoma kipimo saa tatu kila asubuhi, hata asubuhi isiyo na tone, na kuandika sifuri.