Madonge ya Sufu ya Mchoraji

Mwanafunzi wa rangi za mafuta aghalabu huanza na vitu vya nyumbani: chungu, sahani, matunda mawili matatu, pengine ua ndani ya chupa. Vitu hivyo havichoki kukaa mahali pamoja, wala havidai ujira. Ndiyo maana picha ya vitu vilivyotulia hudhaniwa kuwa zoezi la wanaoanza tu. Habari za Vincent van Gogh zaonyesha kwamba yaweza pia kuwa mlango wa kutoka katika mtindo wa zamani na kuingia katika mpya.

Van Gogh alizaliwa Uholanzi mwaka 1853, akashika uchoraji mwaka 1880. Mwaka 1885, katika kijiji cha Nuenen, alichora vikapu vya viazi kwa rangi za udongo na kijivu. Mwaka huohuo, miezi michache baada ya kufiwa na baba yake aliyekuwa mchungaji, alichora Biblia ya marehemu ikiwa wazi mezani, pamoja na mshumaa uliozimika. Katika giza hilo kiling'aa kitabu kidogo cha manjano cha Émile Zola.

Mapema mwaka 1886 alihamia Paris kwa mdogo wake Theo, muuza picha, ambaye ndiye aliyemtunza. Huko aliwakuta wachoraji wa rangi angavu, na picha zake zikaonekana kuwa za giza mno. Umri wake ulikuwa umefika miaka 33. Kuuacha mtindo alioupata kwa taabu halikuwa jambo jepesi. Tena hakuwa na fedha za kuwalipa watu wakae awachore. Basi akageukia maua. Theo alimwandikia mama yao kwamba jamaa walimpelekea Vincent maua kila juma. Baadaye Vincent mwenyewe alimweleza dada yake kwamba karibu mwaka mzima hakuchora ila maua, ili azoee rangi nyingine zisizo kijivu.

Kanuni aliyoifuata ilikuwa na asili katika kiwanda cha nguo. Mkemia Michel-Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Wafumaji walipolalamika kwamba nyuzi nyeusi zilififia, yeye aligundua kwamba kosa halikuwa la rangi bali la jirani zake: rangi moja hubadilisha sura ya nyingine iliyo kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu juu ya jambo hilo. Buluu huzidi kung'aa karibu na rangi ya chungwa, nyekundu karibu na kijani, manjano karibu na zambarau.

Van Gogh hakuharibu rangi ghali kwa kubahatisha. Alikuwa na kisanduku chenye madonge ya nyuzi za sufu, akizisokota pamoja nyuzi za rangi mbalimbali ili aone zitakavyopatana kabla ya kugusa brashi. Kisanduku hicho kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Van Gogh, Amsterdam.

Matokeo yalionekana mwaka 1887. Alichora malimau, mapea na zabibu katika picha ambayo karibu yote ni ya manjano, akapaka rangi hiyo hata kiunzi cha mbao kwa mkono wake, kisha akamtunukia Theo. Mwezi wa Agosti 1888, katika mji wa Arles, alizichora alizeti zake mashuhuri, manjano juu ya manjano. Alifariki mwaka 1890, akiwa na miaka 37.

Mama wa nyumbani anayedarizi kitambaa, au kijana anayejaribu kuchora, aweza kufuata njia hiyo bila gharama kubwa. Achukue vipande vya uzi, avipange viwili viwili karibu na dirisha, avitazame asubuhi na tena jioni. Kisha aweke mezani kitu kimoja anachokijua sana, kama vile bakuli, akichore mara kadhaa, kila mara akibadili kitambaa kilicho nyuma yake. Bakuli litakuwa lilelile, lakini rangi yake itaonekana ngeni kila mara, na hapo jicho litakuwa limeanza kujifunza.