Picha Zenye Pembe Zilizochanika

Ndugu msomaji, livute lile sanduku lililo chini ya kitanda, uzitoe picha za zamani za jamaa zako. Chagua moja isiyo na maandishi yoyote nyuma. Je, waweza kuwataja kwa majina wote waliomo? Swali hilo tuliweke kando kwa muda, maana leo ninakuletea habari za mwanamke mmoja ambaye kazi yake nusura isahauliwe ndani ya nyumba za jamaa zake.

Jina lake Clementina. Alizaliwa mwaka 1822 huko Uskoti, katika jumba la Cumbernauld, karibu na mji wa Glasgow. Baba yake alikuwa admirali wa jeshi la majini la Uingereza, na mama yake alikuwa Mhispania. Mwaka 1845 aliolewa na Cornwallis Maude, mtoto wa kabaila, ambaye mwaka 1856 alirithi cheo cha baba yake pamoja na mashamba ya Dundrum nchini Ireland. Tangu hapo Clementina akajulikana kama Lady Hawarden.

Sitakuficha, msomaji. Starehe ya tabaka lile ilitokana na kodi za wakulima waliolima ardhi isiyokuwa yao, na wakulima hao hawakuwa na fedha wala wasaa wa kujifunza upigaji picha. Lakini fedha na wasaa walikuwa navyo makabaila wengi, na wengi wao wameondoka duniani bila kuacha chochote ila majina makaburini. Mama huyu aliacha kazi.

Alianza kupiga picha huko Dundrum yapata mwaka 1857. Usidhani kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya kubonyeza kitufe tu. Mpiga picha wa siku zile alichukua bamba la kioo, akalipaka utomvu uitwao kolodioni, kisha akalitia gizani ndani ya maji yenye chumvi ya madini ya fedha. Bamba hilo lilitakiwa kuingizwa katika kamera, kupigwa picha na kusafishwa likiwa bado bichi, likikauka, limeharibika. Karatasi ya kutolea picha nayo ilipakwa ute mweupe wa yai. Dawa zilitia vidole madoa meusi yasiyotoka upesi kwa sabuni, na harufu yake ilikuwa kali. Huo ndio ufundi aliouchagua mwanamke ambaye desturi ya tabaka lake ilimtaka akae kitako, apokee wageni.

Mwaka 1859 jamaa hiyo ilihamia London, katika mtaa wa South Kensington. Hapo Lady Hawarden alikitenga chumba cha ghorofa ya kwanza, akakiondolea sehemu kubwa ya mapambo, akakifanya studio. Hakuwa na taa za kumsaidia. Mwanga wake ulikuwa wa jua, unaopita katika madirisha marefu na kuangukia sakafu tupu. Aliujua mwanga huo kama mpishi ajuavyo moto wake: wapi uwake, wapi ufifie. Mara nyingi alimsimamisha mtu karibu na kioo kirefu cha kujitazamia, ili mtazamaji auone uso kwa mbele na tena kwa upande, kana kwamba watu ni wawili.

Na watu wenyewe walikuwa nani? Walikuwa binti zake. Alizaa watoto kumi, wanane wakakua, na waliosimama zaidi mbele ya kamera yake ni wasichana wakubwa watatu: Isabella Grace, Clementina na Florence Elizabeth. Huyu kavaa joho, yule kajifanya mwanamume, mwingine kaegemea dirisha akiwaza yake. Hawakuwa wanasesere wa kupambwa. Ukizitazama picha hizo unaona vijana wanaokua, wamo ndani ya chumba, na macho yao yanatafuta kilichoko nje ya dirisha. Mzazi yeyote mwenye binti anaujua mtazamo huo.

Mwezi wa Januari mwaka 1863 alizionyesha picha zake katika maonyesho ya Chama cha Wapiga Picha cha London. Akatunukiwa nishani ya fedha, na baadaye mwaka huo akaingizwa katika chama. Mwaka 1864 akapata nishani ya pili. Lewis Carroll, ambaye wasomaji wa Kiswahili walikuja kumjua kwa kitabu cha “Elisi katika Nchi ya Ajabu”, naye alikuwa mpiga picha, na alinunua picha tano za mama huyu.

Hakupewa muda wa kuendelea. Tarehe 19 Januari 1865 nimonia ilimwondoa duniani, akiwa na umri wa miaka 42. Kazi yake yote ilikuwa ya miaka isiyotimia kumi.

Baada ya hapo, kimya. Picha zilibaki katika albamu za jamaa, zikipita mkono hata mkono kwa miaka 74. Mwaka 1939 mjukuu wake alizitoa picha 775 kwa Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, hatua chache tu kutoka ile nyumba ya South Kensington. Zilikuwa zimebanduliwa kutoka katika kurasa za albamu, na hata leo nyingi hazina pembe. Zilichanika au zilikatwa wakati wa kubanduliwa. Pembe hizo ndizo gharama ya kuokolewa kwake.

Sasa turudi kwenye sanduku lako. Mimi ninayo picha ya bibi yangu mzaa mama, amesimama na wanawake wawili mlangoni. Mmoja namjua, ni dada yake. Wa pili simjui. Mama angeweza kuniambia, nami niliishi naye miaka mingi bila kumwuliza, leo hayupo. Mwanamke yule ananitazama kila nifunguapo albamu, nami sina la kumwitia.

Picha isiyo na jina ni yatima. Binti za Lady Hawarden tunawajua kwa majina kwa sababu wapo waliotunza kumbukumbu. Sisi hatuhitaji cheo wala jumba ili kufanya hivyo. Jumapili hii, wazee wakiwapo, chukua kalamu ya risasi, uandike taratibu nyuma ya kila picha: nani, wapi, mwaka gani. Na zile zilizo ndani ya simu, zitoe chache katika karatasi, nazo uziandike. Waulize leo wenye majibu, ndugu msomaji, wangali nasi.