Msamaria wa Mataifa Huuliza Faida Kwanza



Familia ya Mungu wapendwa, hivi karibuni, baada ya Misa katika kigango kimojawapo, tulikaa chini ya mti tukisubiri kikao kianze. Kijana mmoja msomi akasema maneno ambayo bila shaka nanyi mmekwisha kuyasikia: kwamba tulipopata Uhuru sisi na Wakorea tulikuwa sawa kwa umaskini, ila wao walifanya kazi nasi tukacheza ngoma. Watu wakacheka, hata wazee. Siku ile nilinyamaza. Leo najibu, kwa sababu nadhani maneno yale si ya kweli, na ubaya wake zaidi ni kwamba yanatufundisha dhambi.

Tuanze na msiba wetu wenyewe. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora huko Kagera, kisha Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni mali yake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wananchi wakajitolea, wengine mifugo na chakula, wengine watoto wao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Majirani walituitikiaje? Msumbiji ilileta askari, na haki yake tuitaje. Libya ilipeleka askari kumsaidia mvamizi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituambia sisi na Amin tuache vita tupatane, kana kwamba mwizi na mwenye nyumba wana kosa moja. Na mwezi Julai 1979, Amin alipokwisha kukimbia, wapo viongozi waliosimama katika mkutano wa Monrovia kutulaumu sisi. Gharama ya vita, inayokadiriwa kuwa dola milioni 500, ikabaki mikononi mwetu. Tulikuwa tumetoka kuipoteza Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, na mwaka ule ule wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda mno.

Tukabisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Tukaambiwa tushushe thamani ya shilingi na tupunguze matumizi ya serikali. Mwalimu alikataa, na mwanzoni mwa 1980 akauliza hadharani ni lini shirika lile lilifanywa kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Mkataba uliotiwa saini mwaka huo ulivunjika mapema. Makubaliano ya kudumu hayakupatikana hadi 1986, chini ya Rais Mwinyi, shilingi ilipokwisha kushushwa kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40. Miaka saba! Katika miaka hiyo wazazi wetu walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, wakala unga wa njano walioubatiza jina la Yanga. Hao ndio tunaoambiwa kwamba walikuwa wakicheza ngoma.

Sasa tuitazame Korea ya Kusini. Ilipovamiwa mwaka 1950, mataifa 16 yalipeleka askari wa kuipigania chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Kati yao ilikuwamo Ethiopia, jirani yetu katika upande huu wa Afrika, na zaidi ya askari 100 wa Ethiopia walikufa huko. Kisha mwaka 1997 benki na makampuni makubwa ya Korea yaliyumba, fedha za kigeni zikakaribia kuisha. Tarehe 21 Novemba serikali yake ilitangaza kwamba inaomba msaada. Kabla ya wiki mbili kutimia makubaliano yalikuwa tayari: ahadi za takriban dola bilioni 57 kutoka IMF, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia na mataifa tajiri. Masharti yalikuwa makali, na zaidi ya watu milioni moja walikosa kazi. Lakini mlango ulifunguliwa usiku ule ule uliobishwa hodi.

Kwa nini sisi miaka saba na wao wiki mbili? Mtu atanijibu: Padre, mkopeshaji humkopesha mwenye viwanda, anayeweza kulipa. Ni kweli, wala sipuuzi bidii ya Wakorea. Lakini si kweli yote. Marekani ilikuwa na askari wapatao 37,000 katika nchi ile, mkabala na Korea ya Kaskazini, na benki za matajiri zilikuwa zinawadai Wakorea fedha nyingi. Korea ikianguka, wao pia wangeumia. Kagera ikiungua, nani huko nje angeumia? Msamaria wa Injili aliyaona majeraha, akashuka. Msamaria wa mataifa huuliza kwanza: huyu akifa, mimi nitapoteza nini?

Sisemi kwamba sisi hatukukosa. Tulivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na mkulima akalipwa bei ya kudhalilisha. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, lakini wapo walioficha sukari na sabuni stoo ili wailangue. Hapa Wakorea wanatufundisha jambo la kweli. Mwanzoni mwa 1998 watu wapatao milioni tatu na nusu walitoa pete na mikufu yao, zikapatikana zaidi ya tani 200 za dhahabu kwa ajili ya nchi yao. Kardinali Stephen Kim wa Seoul alitoa msalaba wake wa dhahabu. Mkubwa alianza, mdogo akafuata. Agosti 2001 walimaliza kulipa deni la IMF, miaka mitatu kabla ya wakati.

Novemba mwaka huo huo wa 2001 sisi tulifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yetu, baada ya watu wengi duniani, na Papa Yohane Paulo II kati yao, kudai kwamba mwaka wa Jubilei uwe mwaka wa kuwafungua maskini. Basi huruma kati ya mataifa inawezekana, ila haiji yenyewe, hudaiwa. Tukumbuke hilo pia tunapopokea mikopo leo, ukiwamo ule wa dola bilioni 2.5 tuliokubaliana na Korea yenyewe Juni 2024. Tuipokee kwa shukrani, tuisome kwa makini, wala tusiite sadaka kitu ambacho wajukuu wetu watakilipa.

Nimesema maneno yale yanatufundisha dhambi, nami namalizia hapo. Tukizoea kusema kwamba aliyeanguka alianguka kwa uvivu wake, tumepata sababu ya kupita kando kama yule kuhani na yule Mlawi. Katika parokia yetu hii wapo Wakristo wanaomkopesha mwenye njaa debe moja la mtama mwezi wa pili, ili awalipe madebe mawili wakati wa mavuno. Nao hukaa jumuiyani kuilaumu IMF! Ndugu yangu, IMF ya kigango ni wewe. Kabla ya mvua za mwaka huu kwisha, kila jumuiya ndogo ndogo iwataje wenye njaa wake, na debe litoke moja lirudi moja. Nami nitaanza na ghala la nyumba ya mapadre.

Mungu awabariki.

Padre wenu