Spea za breki zilizotumika: Kwa nini hupimwa barabarani?

Anayenunua stata iliyotumika katika maduka ya spea ya Gerezani, jijini Dar es Salaam, aghalabu hutaka kwanza kuiona ikizungushwa kwa betri. Anayenunua injini hutaka kuisikia ikinguruma. Lakini anayenunua masta silinda ya breki, kifaa ambacho uhai wa abiria wote hukitegemea, mara nyingi huigeuzageuza mkononi, hulipa, kisha huipeleka gereji. Kipimo chake cha kwanza huwa ni foleni ya barabarani.

Si haki kuziita spea hizi takataka. Nchini Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania, gari dogo la binafsi hulazimika kukaguliwa miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, na baadaye kila miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waachane na magari ambayo bado ni mazima. Kwa sababu hiyo, kifaa halisi cha kiwandani kilichong'olewa katika gari la namna hiyo chaweza kuwa bora kuliko kipya cha bandia. Tatizo ni kwamba, vikiwa juu ya rafu, kizima na kibovu hufanana.

Ndani ya masta silinda mna pistoni zenye mipira inayosukuma mafuta kuelekea magurudumuni. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na kifaa kikikaa muda mrefu bila kazi, kutu huweza kuchimba kuta zake za ndani. Fundi asiyejua akikisafisha kwa petroli au oili ya injini, mipira huvimba. Baada ya hapo mafuta huvuja kwa ndani, yakipita kando ya mpira na kurudi katika chupa yake, bila tone hata moja kudondoka chini. Dereva hugundua akiwa amesimama kwenye taa: pedeli aliyoikanyaga inazama polepole kuelekea sakafuni.

Ubovu huo ungeweza kuonekana dukani kwa dakika chache. Masta silinda hubanwa kwenye jiliwa kwa kushikwa sehemu yake ya kufungia, wala si tumbo lake. Hujazwa mafuta safi ya breki, na pistoni husukumwa taratibu hadi mapovu ya hewa yaishe. Kisha matundu ya kutolea mafuta huzibwa kwa bolti zenye hesi inayolingana, na pistoni husukumwa tena kwa nguvu. Ikigoma baada ya mwendo mfupi na kubaki hapo kwa dakika nzima, ni dalili njema. Ikiendelea kuzama, au unyevu ukitokeza nyuma yake, kifaa hicho kirudi rafuni.

Hata hivyo, mkono wa fundi haufikii shinikizo la breki ya ghafla. Kipimo hiki hufichua ubovu lakini hakithibitishi uzima, na fundi makini hubadilisha mipira hata baada ya jibu zuri. Magari ya mseto, yenye breki zinazoendeshwa kwa pampu ya umeme, hayapimiki kwa njia hii.

Diski ni rahisi zaidi, kwani nyingi zimechongwa unene wa chini unaoruhusiwa, na iliyopungua chini ya hapo haifai hata iking'aa. Pedi zilizolowa oili hazina kipimo, na kuzinunua ni kupoteza fedha.

Swali gumu ni nani abebe hasara. Wauzaji husema kifaa kikishafungwa hakirudishwi, na wana hoja, kwa kuwa fundi mzembe aweza kukiharibu kwa saa moja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo humtazama dereva na mwenye gari, si duka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humlinda mnunuzi aliyeeleza matumizi ya kifaa na kutegemea ujuzi wa muuzaji, lakini pasipo risiti ulinzi huo ni mgumu kuudai. Ukaguzi wa gari zima linaloingizwa nchini nao hausemi lolote kuhusu kifaa kilichouzwa peke yake.

Njia iliyo karibu zaidi imo mikononi mwa wauzaji wenyewe. Jiliwa moja, kopo la mafuta na bolti chache ni mtaji mdogo kwa duka linalouza spea kila siku. Muuzaji aliyepima mbele ya mteja, akaandika jibu katika risiti, atakuwa na sababu ya haki ya kukataa kifaa kilichorudishwa kesho yake, na mteja atakuwa amejua alichonunua kabla gari halijashuka kwenye jeki.