Bukavu: Fasihi, filamu au kemia? Jina la masomo peke yake halileti kazi

Matokeo ya mtihani wa taifa, Exetat, yanapotoka, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za Nyawera, komini ya Ibanda mjini Bukavu: mtoto atasomea nini? Jibu la wazazi wengi linajulikana: udaktari, sheria au uchumi. Anayetaja fasihi anaambiwa atazeeka na chaki mkononi. Anayetaja filamu anaulizwa kama anatafuta kazi au mchezo. Kemia nayo huonekana kama njia ya kwenda kufundisha sekondari, basi.

Uamuzi huo umekuwa mzito zaidi tangu Februari 2025, AFC/M23 walipoingia Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, na pesa mkononi zikawa adimu. Familia nyingi zinatafuta minervali sokoni, siku kwa siku. Kwao, kukosea chaguo ni kupoteza miaka mitatu na akiba yote ya nyumba.

Hata hivyo, kubishana juu ya jina la masomo kunaficha jambo kubwa zaidi. Swali la kwanza lingekuwa hili: mwanafunzi atashika nini mkononi wakati wa masomo? Mfumo wa LMD, ulioanza kuenea katika vyuo vya nchi mwaka 2021-2022, unadai kazi ya vitendo na kazi binafsi ya mwanafunzi. Lakini bila vyombo, mageuzi hayo yanabaki kwenye karatasi, na mwanafunzi anaendelea kununua silabasi na kuikariri.

Tuanze na kemia. Bukavu si mji usio na kazi ya kemia. Kiwanda cha Pharmakina kinatoa kinini katika maganda ya mti wa kenkina unaolimwa Kivu. Chini ya maji ya Ziwa Kivu kuna gesi ya metani inayokadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 60. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda inaitumia kutoa umeme: mtambo wa KivuWatt una nguvu ya megawati 26.

Kemia iko pia jikoni. Anayepika sabuni kwa mafuta ya mawese na soda kali anafanya kemia, na akikosea kipimo sabuni hiyo inachoma ngozi. Huko Burhinyi, katika teritwari ya Mwenga, watafiti walieleza wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu kwa sababu ya sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Katika machimbo ya dhahabu ya Kamituga, zebaki inashikwa kwa mikono mitupu. Mtu anayejua kupima maji, unga na sabuni ana kazi hapa. Aliyejifunza kipimo kwenye ubao tu, bila kukishika, hawezi kuifanya.

Fasihi nayo haistahili dharau inayopewa. Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na madarasa yamejaa. Walimu wanaojua lugha vizuri wanahitajika, na Institut Supérieur Pédagogique, ISP Bukavu, imewafundisha walimu kwa miaka mingi. Tena kuna mlango mwingine. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni lugha ya jumuiya hiyo. Kijana wa Bukavu anayeandika Kifaransa safi na Kiswahili sanifu anaweza kutafsiri mikataba, matangazo na mafunzo ya afya. Lakini hapo pia chombo kinahitajika: vitabu vya kusoma, na mwalimu wa kusahihisha maandishi kila juma.

Kuhusu filamu, Kivu inajua gharama ya kuachia wengine kamera. Filamu ya Mbelgiji Thierry Michel juu ya daktari Denis Mukwege wa Panzi ilijulikana duniani mwaka 2015. Serikali ya Kinshasa iliikataza kwanza, kisha ikaruhusu ionyeshwe. Habari ni ya Bukavu, lakini mwongozaji ametoka Ubelgiji. Mara nyingi vijana wa hapa huajiriwa kama waongoza njia na wakalimani. Kazi ya kurekodi sauti na kupanga picha inabaki kwa wageni. Goma ilionyesha njia nyingine: kituo cha Yole!Africa kimefundisha vijana kutengeneza filamu zao wenyewe.

Majirani wamechagua njia fupi. Mjini Nairobi, chuo cha KIMC, kilichoanza mwaka 1961, kinatoa diploma ya utengenezaji wa filamu. Dar es Salaam ina chuo cha DIT, kilichozaliwa mwaka 1957 kama shule ya ufundi, ambacho kinafundisha mafundi wa maabara. Vyuo hivyo viwili vinajengwa juu ya kazi ya mikono.

Wapo watakaosema: viwanda vyenyewe viko wapi? Hoja hiyo ina uzito. Juni 2025, Heineken ilitangaza kwamba haisimamii tena shughuli zake Bukavu na Goma. Kampuni kubwa ikiyumba, ajira zake zinayumba pamoja nayo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutofundisha vijana kungojea kampuni kubwa tu. Sabuni, maji safi, tafsiri na redio za mtaa vinahitaji mtaji mdogo na ujuzi wa kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mzazi wa Nyawera anaweza kwenda chuoni na maswali matatu. Mwanafunzi anaingia maabara, au anashika kamera, mara ngapi kwa juma? Mafunzo ya kazi, yaani staji, yanafanyika wapi, na nani anayasimamia? Waliomaliza mwaka jana wanafanya nini leo? Chuo chenye majibu kitamwonyesha mlango wa maabara na orodha ya mahali pa staji. Kisichokuwa nayo kinauza silabasi, hata kama juu yake kumeandikwa udaktari.